Mwaka wa Wavu wa Msiba

Nilikutana na Nyamisi mwaka huu katika soko la Mwigobero, hapa Musoma mjini, asubuhi niliyokwenda kutafuta sato wa Jumapili. Yeye ndiye aliyeniona kwanza. Alinishika mkono katikati ya meza za samaki na ndoo za dagaa, akaniita Nyanjura, jina ambalo hapa Kigera hakuna anayelitumia kwa kuwa wote wananijua kwa majina ya watoto wangu, na hakuniachia mpaka alipomaliza aliyokuwa nayo. Amezeeka, ila mkono bado ni wa mtu aliyevuta kamba maisha yake yote. Tulizungumza kwanza juu ya mama yangu mkubwa, ambaye tulimzika mwaka jana pale pale kwake kando ya maji, peke yake. Kisha akasema la pili, na hilo ndilo lililomleta mjini, wala si samaki. Vijana wa kamati ya mwalo wa kijijini kwetu, pale mitumbwi inapopakua samaki, wanataka kuruhusu tena wavu wa msiba. Wanasema samaki sasa wapo, ghuba imejaa, kuna ubaya gani kuwavulia wafiwa mara moja moja? Kijiji kitakutana kuamua. "Wewe ndiye ulikuwaga mdomo wa mama yako mkubwa," aliniambia. "Njoo uwaambie. Mimi wakiniona wanajua nina hasira zangu." Nimekubali kwenda. Tangu siku hiyo silali vizuri, maana mimi ni mtu wa hofu, nimezaliwa nayo kama wengine wanavyozaliwa na kengeza, na kusimama mbele ya watu kunanikausha mate. Kwa hiyo ninaandika kwanza, nijue nitasema nini.

Mwaka ghuba ilipofungwa nilikuwa binti aliyemaliza shule juzi tu, sina kazi wala mchumba, nikapelekwa kwa mama mkubwa nimsaidie kuanika dagaa. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabla ya mchanga, ya matofali ya kuchoma na bati, na chumba nilichopewa kilikuwa stoo. Nililala kati ya magunia ya dagaa na vifaa vya mumewe, baba mkubwa Bwire, aliyekuwa fundi mitumbwi: randa, misumari, makopo ya lami, pamba ya kuzibia nyufa. Nywele zangu zilinuka lami na dagaa mpaka nikazoea, na nilipokuja mjini nikashangaa watu wananusa. Ukuta kati ya stoo na sebule haukufika juu. Kila kilichosemwa sebuleni kilinifikia kitandani, na kwa kuwa vikao vya kamati vilifanyikia pale, kwenye makochi yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, nadhani hakuna aliyeyajua ya mwalo ule kuliko mimi. Ningependa kusema nilijifunza hekima. Nilichojifunza ni kuogopa kwa mpangilio: kwanza upepo, kisha nyayo za watu wasiopiga hodi, kisha kikohozi cha baba mkubwa.

Ghuba yenyewe si kubwa. Mtu akiita kutoka upande mmoja, wa upande wa pili anaitika. Maji ni ya kina kifupi, chini mchanga, pembeni matete, na ndiko sato wanakochimba viota vyao na kubeba watoto mdomoni. Kila mtu alilijua hilo, hakuhitajika Bwana Samaki, ofisa uvuvi wa serikali, aje kutoka mjini kutufundisha. Lakini kila mtu pia alijua kwamba asipovua yeye atavua jirani, basi kokoro likawa linapita pale bila kupumzika. Kokoro ni wavu mrefu unaozungushwa kwa mtumbwi, kisha watu wengi wanashika kamba mbili na kuuvuta mpaka nchi kavu, nao hauchagui: unaleta mama, unaleta mayai, unaleta na watoto wasiotosha kujaza kijiko. Serikali ililipiga marufuku zamani. Watu wakaliweka darini, wakawa wanalishusha Bwana Samaki akishawasha pikipiki yake kuondoka. Ikafika mahali kokoro linavutwa na umati mzima na kuleta matope, konokono na furu, vile visamaki vidogo vya miiba, wa kutosha sufuria moja. Wanawake waliokuwa wanauza sato mjini wakaanza kwenda mjini kununua mgongo wazi, ile mifupa ya sangara inayobaki minofu ikishachukuliwa viwandani, na kuirudisha kijijini kuikaanga. Nimekula sana mgongo wazi mwaka ule, kwa ugali wa muhogo na mtama, na siwezi kusema ulikuwa mbaya. Ila mvuvi kununua mifupa ya samaki ni aibu ambayo haihitaji kuhubiriwa, na aibu hiyo ndiyo iliyowafanya wakubali kuifunga ghuba.

Walifunga madumu ya njano yaelee mdomoni mwa ghuba yawe mpaka, wakakubaliana kwamba kwa mwaka mzima hapiti wavu wala ndoana, na wakamchagua mama mkubwa kuwa mwenyekiti kwa sababu ya kawaida kabisa: hakuwa na wavu, na wenye nyavu hawakuaminiana. Alikuwa mwanamke mfupi, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kumaliza kazi ya mikono kabla hajakujibu. Ukimwuliza jambo akiwa anachambua dagaa, utangoja mpaka fungu liishe. Watu waliudhani upole ule ni ulaini, nami nilikuwa mmoja wao.

Kosa lilikuwa moja, nalo lilipita mikono yote ikiwa juu, wa mama mkubwa ukiwemo. Kule kwetu mtu akifa, jioni ya mazishi wafiwa hawali cha jikoni kwao. Majirani wanavuta wavu, wote, mwenye nguvu na asiye nazo, na hata aliyegombana na marehemu anashika kamba, na kitakachotoka majini ndicho kinachowalisha waombolezaji. Ng'ombe anaweza kuchinjwa kesho yake, ndugu wa Butiama na Bunda wenye mifugo hawaji mikono mitupu, lakini chakula cha kwanza ni samaki wa kamba ile. Kushika kamba ndiyo pole yenyewe. Nimeona watu wasiojua kusema neno la faraja wakivuta mpaka viganja vikachubuka. Sasa utawafungiaje ghuba wafiwa? Wakaamua kwamba ghuba imefungwa, isipokuwa kwa msiba.

Basi watu wakaanza kufa. Leo naweza kucheka. Sisemi walikufa kuliko kawaida, ila ghafla kila aliyekufa popote alikuwa na ndugu kijijini kwetu. Mzee mmoja muuza vipuri vya baiskeli, aliyeishi na kufia Bunda mjini na ambaye inasemekana aliogopa hata maji ya beseni, aliletwa kuzikwa kando ya ziwa. Yakafuata matanga ya watu waliozikwa zamani, kisha familia moja ikakumbuka kwamba bibi yao hakuvutiwa wavu enzi zake kwa sababu ya mvua, na kwamba anawatokea ndotoni. Kila mara kamba zilishikwa kwa majonzi na kokoro likazungushwa ghuba nzima, na kila mara kilichotoka kilikuwa kidogo kuliko cha mara iliyopita. Baba mkubwa Bwire, ambaye mzaha wake ulikuwa mkavu kama mbao zake, alisema tukiendelea hivi samaki watakwisha lakini tutakuwa tumeomboleza vizuri sana.

Kikao cha kuifuta ile ruhusa nilikisikia chote nikiwa nashona magunia stooni, jua bado kali. Aliyepinga zaidi alikuwa mzee Masatu, mwenye kokoro kubwa kuliko yote, na hakupinga kwa ujinga. Alisema samaki ni chakula, lakini kamba ya msiba ni ujirani, na kijiji kikipoteza ujirani ghuba itakuwa imelindwa kwa faida ya nani? Watu waliguna kumuunga mkono. Nilimsikia mama mkubwa akichambua dagaa, zile chap chap za vidole vyake kwenye ungo, na hakusema kitu mpaka fungu likaisha. Kisha akasema kwamba ghuba yenye mlango wa huruma haijafungwa, na kwamba yeye mwenyewe alinyoosha mkono kuuweka mlango ule na sasa anaomba wauzibe. "Msiba wowote?" Masatu akauliza. "Hata wako, mama?" Mama mkubwa akajibu, "Hata wangu." Ruhusa ikafutwa. Nyuma ya ukuta nilimsikia baba mkubwa akikohoa, akitoka nje.

Aliyeangukiwa wa kwanza alikuwa Nyamisi. Wakati ule alikuwa mwanamke kijana, mchangamfu, mwenzetu wa kuparua samaki, na mama yake alifariki wiki hiyo hiyo. Alikuja mwenyewe mlangoni, khanga kiunoni, macho yamevimba, akaomba wavu mmoja. Mama mkubwa alimkaribisha ndani, akamshika mikono yote miwili, akalia naye, na akakataa. Mama yake Nyamisi akazikwa, na jioni watu wakaletewa maharage. Nilikuwa nagawa sahani. Ninachokumbuka ni wanaume waliokaa kwenye mabenchi wasijue mikono yao waiweke wapi, wameikunja, wameikunjua, na mmoja amechukua jembe akaanza kulima kiwanja kisichohitaji kulimwa. Tulipokuwa tunaondoka Nyamisi alikuja mbele ya mama mkubwa, watu wote wakisikia. "Mkuki kwa nguruwe, mama," alisema. "Siku yako inakuja, na mimi nitakuja kuangalia." Mama mkubwa aliitikia kwa kichwa, kana kwamba amealikwa.

Tangu siku hiyo nyumba ile haikuwa na amani, au mimi sikuwa nayo. Asubuhi moja tulikuta madumu mawili yamekatwa kamba na kusukumwa na mawimbi hadi mlangoni kwetu. Mtu akaacha kutujibu salamu kisimani, kisha wa pili. Wanawake tulioanika nao dagaa mchanga mmoja walihamisha nyavu zao za kuanikia, kidogo kidogo, mpaka tukabaki kama kisiwa. Mama mkubwa aliendelea kupika uji, kuanika, kwenda kanisani na kuimba sauti ya pili. Mimi ndiye niliyeacha kula. Nilikuwa nikisikia kijiti kinavunjika nje nafikiri ni kiberiti. Nikimwambia, ananiambia nichote maji. Na juu ya yote hayo kikohozi cha baba mkubwa kilikuwa kinashuka chini kifuani, mara ya kwanza kavu, baadaye na maji ndani yake, na hospitali ya mjini ilikuwa imempa dawa na kumrudisha na dawa nyingine.

Kuna alasiri moja ya mvua ambayo nimeibeba miaka yote hii. Mvua ikinyesha kwenye bati watu hupaza sauti, nao walikuwa wawili tu sebuleni wakidhani nimelala. Baba mkubwa alikuwa anakunywa supu ya furu, nilisikia kijiko. Akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya misumari, "Na mimi nikifa, utafanyaje?" Mama mkubwa akamwambia anywe supu. Baba mkubwa akasema, "Wa Bunda watataka wavu. Mafuru unamjua." Mafuru alikuwa mdogo wake, mfanyabiashara wa mbao Bunda. Mama mkubwa akasema, "Wewe unataka nini, Bwire?" Naye akacheka kidogo, kikohozi kikamkatisha, akasema, "Mimi nitakuwa nimekufa, sitasikia njaa. Uliza walio hai." Hakusema vuteni, hakusema msivute. Nimewahi kumkasirikia kwa hilo, marehemu kabisa, kaburini. Neno moja lake lingetosha kumpunguzia mkewe mzigo, na aliukwepa kwa mzaha. Au labda aliona kwamba neno lake lolote lingekuwa wavu wa kumnasa, akaona amwachie. Sijui. Nimeolewa na mume wangu miaka mingi na bado sijui lipi kati ya hayo mawili ni mapenzi.

Alifariki mchana, kwenye kiti, akingoja uji upoe. Mafuru alifika kesho yake na fuso iliyojaa ndugu wa Bunda na Butiama, na nisimsingizie: alishuka analia, akamkumbatia kaka yake ndani ya sanduku kama mtoto. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa kando ya nyumba, mahali panapoonekana maji. Sanduku lilitengenezwa na mafundi aliowafundisha yeye mwenyewe, kwa mbao za mtumbwi, limezibwa nyufa kwa mazoea. Mama mkubwa alikaa chumbani kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa. Kwa desturi, mjane haongei na wanaume mpaka udongo umfunike mumewe, ana mtu wa kupeleka na kuleta maneno yake. Mtu huyo nilikuwa mimi.

Nilipotoka uani mara ya kwanza, niliona kokoro. Masatu alikuwa amelishusha na kulitandaza mchangani, kamba zimenyooshwa pande zote mbili, na kijiji kizima kimesimama kando yake, hata wale walioacha kutujibu salamu. Hawakuwa na ubaya. Hilo ndilo lililonitisha. Nyuso zao zilikuwa za watu wanaotamani kusamehe na kusamehewa, wangevuta kwa machozi ya kweli, na baada ya hapo hakuna ambaye angeweza kumkatalia mtu mwingine yeyote tena. Pembeni ya jiko, mikono kifuani, alisimama Nyamisi. Alikuwa amekuja kuangalia.

Mafuru alianza kwa heshima. Alinituma niseme kwamba wanaomba ruhusa kwa mwenyekiti, mara hii moja. Mama mkubwa alinirudisha na shukrani kwa safari yao, na kwamba ghuba imefungwa. Nikatumwa tena: watu wa Butiama wameacha mifugo yao kuja kumzika Bwire, walishwe dagaa kando ya ziwa, waende kusema ndugu yao alioa wapi? Mama mkubwa akajibu kwamba dagaa zipo, maharage yapo, na ng'ombe waliyekuja naye yupo, na kwamba anawaomba radhi wageni wote. Nilipolifikisha hilo, ndugu mmoja mzee akatema mate chini. Mafuru akapangusa uso kwa leso. Hakupiga kelele. "Mwambie basi tunamchukua ndugu yetu," alisema. "Bunda kuna shamba, na kuna majirani wanaojuaga kuzika."

Nilisimama ukumbini kabla ya kuingia. Kati ya mlango ule na huu nilikuwa peke yangu, na ninakiri niliwaza ningeweza kusema chochote, kwa upande wowote, na maisha ya watu yangegeuka. Nikaingia, nikampa maneno kama yalivyokuwa. Wanawake waliokaa naye wakaanza kulia. Mimi nikapiga magoti, nikamshika miguu, nikafanya kile ambacho mjumbe hatakiwi kufanya, nikamwomba. Nilimwambia kwamba baba mkubwa asipozikwa hapa, atakuwa peke yake kule. Nilimwambia kaburi limeshachimbwa. Nilimwambia, "Mama mkubwa, ni wavu mmoja tu."

Alikuwa na pindo la khanga mkononi, analikunja na kulikunjua. Alilimaliza mpaka mwisho. "Nyamisi naye alikuwaga na mama mmoja tu," alisema.

Niliuliza niwaambie nini wa nje. Akafikiri. "Waambie wamfunike vizuri," akasema. "Barabara ya Bunda ina vumbi."

Hayo ndiyo niliyotoka nayo, na ndiyo niliyosema, mbele ya watu wote, na mpaka leo nikisimama mbele ya mkutano wowote, hata wa vikoba, naona ule uwanja. Mafuru alinitazama kana kwamba sikusikia vizuri. Kisha akawaita vijana wake. Sanduku likapanda kwenye fuso, likafunikwa turubai na kufungwa kwa kamba, na mama mkubwa akapanda nyuma, akakaa karibu nalo, mkono mmoja juu ya mbao, na mimi kando yake. Hakuna aliyetuzuia na hakuna aliyetukaribisha. Tulipoondoka niliona wanaume wamelikata gogo la mgomba wanalipeleka kaburini, kwa sababu kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Masatu alikuwa anakunja kokoro lake peke yake.

Bunda tulizika siku hiyo hiyo, jua likielekea kushuka, katika shamba la mahindi ambalo baba mkubwa hakuwahi kulima. Ng'ombe alichinjwa. Mama mkubwa aliwekwa nyuma na wake wa ukoo, akaletewa sahani, na nilidhani atakataa. Alikula nyama yote, akanawa, akawashukuru waliopika mmoja mmoja. Nilimwona mke wa Mafuru akigeuka kufuta machozi. Mafuru mwenyewe hakuaga. Tulirudi Musoma kwa basi na kijijini kwa mtumbwi, na njia nzima aliongea mara moja tu, kuniuliza kama nimebeba khanga yake nyingine.

Nyumba ilikuwa kimya. Kando yake kulikuwa na lile tuta la udongo mbichi lililofunika mgomba, na nilikuwa nawaza nalo tutafanya nini, mtu akipita atauliza ni nani huyu. Tulikuwa hatujawasha hata jiko alipoingia Nyamisi. Nilisimama, maana nilifikiri amekuja kumalizia. Hakuleta chakula, hakuleta kitu. "Sijaja kukusamehe," alimwambia mama mkubwa. "Nimekuja kukaa." Akavua ndala, akakaa kwenye mkeka, bega kwa bega naye, akaegemea ukuta, na hawakusema neno lolote mpaka giza lilipoingia. Kesho yake akaja tena. Siku zilizofuata wakaja wengine, wakakaa vivyo hivyo, mikono mitupu, wanaume kwenye mabenchi nje na wanawake ndani. Sasa hivi kule kwetu huo ndio msiba ulivyo. Watu wanakuja kukaa. Vijana wanadhani ilikuwa hivyo tangu mababu.

Hakuna aliyeomba wavu tena mwaka ule. Angeombaje? Masatu alilileta kokoro mwenyewe kwenye kamati likatwe vipande, tukavitumia kuanikia dagaa. Lakini msidhani hofu iliniisha. Ilibadilika tu jina. Wakati wote ule kabla, niliogopa kwamba ghuba itafunguliwa, na sasa niliogopa kwamba itakapofunguliwa haitakuwa na kitu. Nani alikuwa na uhakika? Bwana Samaki alikuwa anasema subirini, kwa sauti ya mtu anayelala mjini. Kila asubuhi nilikwenda mpaka kwenye matete kutazama, nikaona vishimo vya mchanga chini ya maji nikadhani ni viota, halafu nikadhani ni nyayo za kiboko. Ndege weusi wazamiao walianza kuja wengi, na hata hao niliwachukia, nikiwaza wanamaliza vilivyobaki. Nilimwomba Mungu samaki kama mtu anayeomba mgonjwa apone. Mama mkubwa hakwenda kutazama hata mara moja. Alikuwa anakaa na Nyamisi zamu ya kulinda madumu, wamejifunika khanga moja upepo ukivuma, na nikiwapelekea uji nawakuta wanabishana juu ya nyimbo za kwaya.

Siku ya kufungua, watu walisimama ufukweni kama siku ile ya fuso, ila safari hii hapakuwa na kokoro. Ziliruhusiwa nyavu za macho makubwa na ndoana, mtumbwi mmoja mmoja kwa zamu. Mtumbwi wa kwanza ulitoka, wote tukautazama. Ulikuwa mmoja wa mitumbwi aliyotengeneza baba mkubwa, lakini mitumbwi yote ya pale aliitengeneza yeye. Walipouinua wavu, nilifumba macho. Nilisikia kwanza mikia ikipiga mbao, kisha wanawake wakipiga vigelegele, na nilipofumbua, sato walikuwa wanatupwa mchangani, wapana, weusi mgongoni, kila mmoja akizidi kiganja cha mtu mzima kilichokunjuliwa, na hakukuwa na mtoto hata mmoja kati yao. Masatu alikaa chini mchangani na kuvua kofia. Watu walicheka, walikumbatiana na watu waliokuwa hawasalimiani. Mimi nililia kwa kwikwi mpaka nikaona haya.

Nilimtafuta mama mkubwa nikamkuta nyuma ya jiko, amekaa kwenye kigoda na beseni mbele yake, ameshaanza kuparua. Nyamisi alikuwa upande wa pili wa beseni. Magamba yalikuwa yamewajaa mikononi mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nimengoja mwaka mzima kumwona akifurahi, nikachuchumaa mbele yake nikamwuliza, kitoto kabisa, kama amefurahi. Akamaliza upande mmoja wa samaki, akamgeuza, akamaliza na wa pili.

"Samaki wamerudi," alisema. "Bwire yuko Bunda."

Nyamisi aliinua macho akanitazama, nisiulize kingine. Nikachukua kisu, nikakaa kati yao, nikaparua.